Mifumo Isomane, na Mwananchi Aulizwe Kwanza

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya watendaji wa kata, maafisa maendeleo ya jamii na wakaguzi wa ndani wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji wa kata, waratibu wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), na wakaguzi wenzangu mliotoka Songwe, Njombe, Iringa na hapa Mbeya,

Nimeombwa nizungumzie suala la taasisi za umma kupeana taarifa ili kubaini udanganyifu katika malipo ya ruzuku na mafao. Nitasema mapema msimamo wangu, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja zake. Naunga mkono mifumo isomane, yaani daftari la taasisi moja liweze kuulizwa na taasisi nyingine. Ninachokataa ni utaratibu wa kumfungia mtu malipo kwa sababu tu jina au namba yake imeonekana kwenye daftari la taasisi nyingine, kisha yeye ndiye atafute nauli ya kwenda wilayani kuthibitisha kwamba hajaiba. Madaftari mawili ya serikali yakikinzana, ofisi ndiyo yenye wajibu wa kwenda kuuliza, na malipo yaendelee mpaka jibu lipatikane.

Kwamba ofisi zinahitaji kupeana taarifa, hilo halina ubishi. TASAF ipo tangu mwaka 2000. Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini ulianza mwaka 2012, kipindi chake cha pili kikazinduliwa mwaka 2020, na umehudumia kaya zaidi ya milioni 1 nchi nzima. Mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa mwaka 2018 na kuwa PSSSF. Wakulima wetu wa mahindi nao wamekuwa wakiandikishwa kwa ajili ya ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/2023. Kila mpango una daftari lake, na kila daftari liliandikwa na watu tofauti, kwa dodoso tofauti, kwa nyakati tofauti. Anayetaka kulipwa asichostahili hujificha katika pengo lililopo kati ya daftari moja na jingine. Mstaafu akifariki Tukuyu leo, mfuko unaomlipa hauna namna ya kujua mpaka mtu aupelekee habari, na mara nyingine mwenye habari ndiye huyohuyo mwenye kadi ya benki ya marehemu.

Tumekwisha kuona nguvu ya kuoanisha madaftari. Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kazi iliyofanyika pale, ukiiondolea sherehe, ilikuwa ya kuchukua majina yaliyoko kwa mwajiri na kuyapeleka kwa Baraza la Mitihani. Mishahara ililipwa kwa miaka mingi kabla ofisi mbili za serikali moja hazijaulizana swali moja. Hata hivyo taarifa ileile ilikuwa na kundi jingine ambalo halikuvuma sana mitaani, nalo ni la vyeti vilivyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo mwenye cheti halali na aliyekichukua kwa hila walionekana kwenye orodha moja, wakiwa na kasoro ileile, na hakuna kompyuta iliyoweza kusema nani ni nani. Ilibidi watu waitwe na waulizwe. Kwa uzoefu wangu wa ukaguzi, wengi wa wanaoonekana kuwa na kasoro kwenye ruzuku za kaya maskini wanafanana na kundi hilo la pili, na ndiyo maana nitakaa hapo kwa muda mrefu kidogo.

Nianze na vifo, kwa kuwa malipo kwa marehemu ndiyo hoja inayotajwa kwanza kila tunapozungumzia kusomana. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Lakini mzee akifariki Isongole au Matamba, mwenyekiti wa kitongoji anajua siku hiyohiyo, majirani wanachimba kaburi kesho yake, na cheti cha kifo hakimjii mtu akilini mpaka kihitajike kwa ajili ya mirathi, benki au mafao. Familia isiyo na akaunti wala hati ya shamba haina sababu ya kukifuata. Matokeo yake ni kwamba TASAF ikiuliza daftari la RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kuhusu walengwa wake, itapata majibu mazuri kuhusu watu wenye mali na itapata ukimya kuhusu maskini, ambao ndio hasa ilikuwa inauliza habari zao. Ukimya huo mfumo unausoma kuwa mtu yu hai. Kabla hatujanunua mashine nyingine, mtendaji wa kijiji apewe wajibu, fomu na muda wa kupeleka kila mwezi orodha ya waliozikwa kijijini kwake. Taarifa isiyokusanywa haiwezi kushirikishwa, hata nyaya zikiwa za dhahabu.

Upande wa majina, ndugu zangu wa Rungwe, Busokelo na Kyela hamhitaji mhadhara. Karatasi moja inasomeka Atupele Mwakyusa, nyingine Atupelye Mwakiusa, na huenda ni mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili, au ni shangazi na mpwa wake waliopewa jina moja. Ukoo mmoja unaweza kujaza kitongoji kizima. Tarehe za kuzaliwa za wazee zilikisiwa wakati wa kuandikishwa, kwa hiyo wengi wana mwaka wa kukisia na siku ya kukisia. Anayeoanisha majina na tarehe katika mazingira haya atakusanya ndugu wa ukoo mmoja na kuwaita mtu mmoja anayelipwa mara tatu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na ni sahihi kuitumia badala ya jina. Ila wapo wazee ambao vidole vyao vimelika kwa jembe hata mashine ikashindwa kuvisoma, na wapo ambao namba yao imekwisha kutumiwa na wengine kwa idhini yao wenyewe, bila kujua maana yake.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu. Katika kata moja ya Rungwe tulikuwa na orodha ya walengwa wanaodhaniwa kuwa na mali, iliyotokana na kulinganisha daftari la kaya maskini na daftari la walipa kodi. Mama mmoja mjane alionekana ana namba ya mlipa kodi na chombo cha moto kimoja. Dodoso lake lilionyesha nyumba ya matofali mabichi, wajukuu watatu na mbuzi wawili. Tulipomfikia alifungua fundo la khanga, akatoa kitambulisho chake, akasema, “Mwanangu, hiyo pikipiki mimi sijawahi hata kuipanda.” Ilikuwa ya kijana wake anayeendesha bodaboda Mwanjelwa, kijana hakuwa na kitambulisho cha taifa wakati anaichukua kwa mkopo, akatumia cha mama yake. Kwa mujibu wa daftari, mama alikuwa mmiliki. Kwa mujibu wa kila mtu pale kitongojini, hakuwa na kitu. Kwa bahati nzuri malipo yake yalikuwa hayajasimamishwa, kwa sababu mratibu wa halmashauri ile alikuwa na desturi ya kutembelea kwanza na kuandika baadaye. Napenda mtambue kwamba daftari la kodi halikukosea hata nukta. Taarifa ilikuwa sahihi kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kujua nani anadaiwa kodi na ada za chombo kile, na ikawa potofu ilipohamishiwa kwenye swali jingine la nani ana kipato cha kulisha kaya.

Kuna nchi iliyojifunza jambo hilo kwa gharama kubwa sana. Australia ilianza mwaka 2016 kutumia kwa wingi mfumo wa kompyuta wa kudai madeni kwa wapokeaji wa posho za ustawi, mfumo ambao wananchi waliubatiza jina la Robodebt. Idara ya kodi ilikuwa na kipato cha mtu cha mwaka mzima. Ofisi ya posho ilikuwa na kipato alichokiripoti kila wiki mbili. Mfumo ukachukua kile cha mwaka, ukakigawanya sawasawa, kisha ukatangaza kuwa mtu ana deni pale ambapo wastani ulizidi alichoripoti.

Nauleta mfano huo kwenye mashamba yetu ya chai ya Rungwe na Mufindi, kwa hesabu ya kubuni. Mchumaji anapata shilingi 600,000 katika miezi sita ya mvua ambayo majani ni mengi, na miezi sita inayofuata hapati kitu. Mfumo wa wastani unamhesabia shilingi 50,000 kila mwezi, mwaka mzima. Akiwa amepokea msaada miezi ya kiangazi, kihalali kabisa, ataambiwa alificha shilingi 50,000 kwa kila mwezi na anatakiwa kurudisha. Hajadanganya mtu, hesabu ndiyo iliyomhamishia fedha za Machi mpaka Agosti. Mamia ya maelfu ya Waaustralia waliandikiwa barua za namna hiyo, na wao ndio waliotakiwa kutafuta hati za mishahara za miaka iliyopita ili kujinasua. Mwaka 2019 serikali ilikubali mbele ya mahakama kwamba deni la aina hiyo halikuwa na msingi wa kisheria, mwaka 2020 ikatangaza kurejesha dola za nchi hiyo milioni 721, na Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Catherine Holmes, katika ripoti yake ya Julai 2023, ikasema kuwa mpango ule haukuwa wa haki wala halali. Mpango ulioanzishwa ili kuokoa fedha za umma ukageuka mzigo juu ya fedha hizohizo.

Uholanzi ilipita njia nyingine ikafika palepale. Wazazi waliokuwa wakipokea posho ya malezi ya watoto walitakiwa kurejesha fedha zote kwa makosa madogo ya makaratasi, na mamlaka ya kodi ilitumia uraia wa mtu kama kigezo cha kumshuku. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 15, 2021 kwa sababu ya kashfa hiyo. Mwaka mmoja kabla, Februari 5, 2020, mahakama ya The Hague ilikwisha kuzuia mfumo mwingine wa nchi hiyo ulioitwa SyRI, uliokusanya taarifa za taasisi nyingi na kutoa alama za mashaka, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mwananchi hakuweza kujua alipimwaje. Uingereza, kwa upande wake, imekuwa ikioanisha taarifa za halmashauri, pensheni na vifo tangu mwaka 1996, na kanuni zake zinasema wazi kuwa majina yanapooana hilo si ushahidi wa udanganyifu mpaka uchunguzi ufanyike. Hawajawahi kuwa malaika, lakini kanuni hiyo moja ningeiazima bila aibu.

Sisi hapa hatuanzi mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, ziwe sahihi, zisizidi kinachohitajika, na mhusika awe na haki ya kuziona na kuzirekebisha. Tena inampa kinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Najua wapo watakaosema kuwa kutafuta wahalifu kuna nafasi yake ya pekee katika sheria. Ni kweli. Ila nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya uchunguzi wa jambo linalojulikana, na kuitumia kumwaga daftari zima la wilaya ndani ya daftari jingine kwa matumaini kwamba kitu kitaonekana ni kuinyoosha kupita uwezo wake.

Kiufundi, hakuna haja ya kumwaga. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wa kubadilishana taarifa serikalini unaowezesha taasisi moja kuuliza swali na nyingine kujibu, kila daftari likibaki kwa mwenyewe. TASAF inaweza kuuliza kama mwenye namba fulani yu hai, ikajibiwa ndiyo au hapana. Haihitaji kujua alikufa kwa ugonjwa gani, aliacha nani, wala alikuwa anadaiwa na nani. Ninapoona halmashauri inatumiwa jedwali lenye safu thelathini za maisha ya watu kwa barua pepe ya kawaida, ili mtu mmoja atumie safu mbili, nashindwa kuuita huo ubadilishanaji wa taarifa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mikoa yetu. Masharti ya mpango wa kaya maskini yanagusa mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki, kwa hiyo zahanati ni sehemu ya mnyororo wa taarifa. Na utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha Njombe ikiwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6, mikoa mitatu inayoongoza Tanzania Bara. Karatasi ya mahudhurio inayotaja aina ya kliniki, ikisafirishwa hadi mezani kwa mtendaji wa kijiji kwa kisingizio cha uhakiki, inaweza kumvunjia mtu ndoa kabla haijabaini shilingi moja iliyoibwa. Mama atakayeogopa hilo ataacha kliniki, si ruzuku. Zahanati ijibu kwamba sharti limetimizwa au halijatimizwa, na iishie hapo.

Sasa niguse sehemu ambayo huwa haipendezi katika vikao kama hiki. Tunapozungumza kuhusu udanganyifu, macho yetu yanakwenda kwa mpokeaji, mama mwenye mbuzi wawili. Wanaokumbuka vocha za pembejeo, kuanzia msimu wa 2008/2009, wanajua kwamba mkulima aliyedanganya kuhusu ekari zake alikuwa mwizi mdogo. Wizi mkubwa ulikuwa kwa wakala na kwa kamati: vocha zilisainiwa na wakulima wasiopata mbegu wala mbolea, mwingine akapewa fedha kidogo aweke dole gumba, na mfuko ukauzwa dukani kwa bei kamili. Kwenye ruzuku za fedha taslimu nako, mlengwa hewa hajiandikishi mwenyewe. Yupo aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo kama mifumo itasomana, isomane pia kwa kutazama juu, kwa wanaoshika kalamu. Laini moja ya simu inayopokea malipo ya kaya tano inaweza kuwa ya mjukuu mwaminifu anayewasaidia bibi zake wasio na simu, na inaweza kuwa ya kiongozi wa kijiji; swali hilo linajibika kwa dakika chache. Jina la mke wa mjumbe wa kamati kwenye orodha ya walengwa linajibika pia. Vivyo hivyo siku ya malipo iliyosainiwa katika vijiji viwili vilivyo mbali, kwa mwandiko mmoja, saa zilezile. Sisi wakaguzi tuna taarifa za malipo, za ajira na za posho za safari ndani ya halmashauri zetu wenyewe, wala hatuhitaji kibali kutoka mbali kuzilinganisha, na bado ni nadra kuzilinganisha. Nitakuwa mkweli: ni rahisi zaidi kumfungia malipo mjane kuliko kumwandikia hoja ya ukaguzi mtu utakayekaa naye kwenye kikao cha menejimenti Jumatatu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika awamu ijayo ya uhakiki naomba halmashauri zetu zikubaliane kwamba hakuna jina litakaloondolewa kabla mtu hajafikiwa nyumbani kwake na maelezo yake hayajaandikwa, isipokuwa pale kifo kilipothibitishwa na uongozi wa kitongoji. Na hata hapo, kaya iliyobaki isifutwe pamoja na marehemu. Bibi akifa, wajukuu hawajatajirika usiku uleule. Naomba pia kila orodha ya majina yaliyooana ifutwe uchunguzi wake unapokamilika, isibaki kwenye kompyuta ya ofisi kama sifa mbaya ya kudumu ya mtu aliyekwisha kusafishwa.

Barua ya kumwita mhusika nayo itengenezwe upya. Zile nilizoziona zinamwambia mtu kuwa “mfumo umebaini dosari” na kumtaka afike ofisini bila kuchelewa. Imtajie ni daftari gani lililokinzana na lake, kwa namba ipi, na kwa jambo gani. Imtajie jina na simu ya afisa atakayemsikiliza, na mahali pa kukata rufaa kama hakuridhika. Mtendaji wa kijiji aipeleke kwa mkono na kuisoma kwa sauti pale mhusika anapoomba, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa majirani nao wana masikio. Rasimu yake ninayo, ukurasa mmoja tu, na nakala zipo pale mlangoni. Ningependa muichambue bila huruma kabla haijapelekwa kwa wakurugenzi. Naomba kuishia hapo ili tupate nafasi ya maswali.